Kioo Kipya, Picha ya Zamani

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda kwa kona nyingi, na kila kona ikipita mlima mwingine husimama mbele ya msafiri. Milima hiyo izuiayo macho ndiyo izuiayo mawimbi ya televisheni. Wengi huko Usambara walizoea kutazama chenga kuliko picha, mtoto hutumwa nje kuzungusha antena, na wakubwa humpigia kelele kutoka ndani, "Hapo hapo, usiiachie!"

Twayakumbuka hayo kwa sababu siku hizi mkulima wa kabichi au mwalimu akipata akiba kidogo huambiwa dukani kwamba kioo kipya cha 4K kitamwonyesha hata umande juu ya jani. Maneno hayo ni kweli nusu. Nusu ya pili yaweza kumla mshahara wa miezi.

Picha ya televisheni hufanywa kwa nukta. Picha ya zamani ilikuwa na mistari 576 ionekanayo, yaani nukta laki nne na ushei. HD ikaleta nukta 2,073,600, nayo 4K ina 8,294,400. Lakini kioo hakiwezi kuonyesha kisicholetewa. Matangazo yakija kwa mistari 576, kioo hukisia nukta zilizopungua, na kadiri kilivyo kikubwa ndivyo makosa ya kukisia yaonekanavyo. Ndiyo maana twamsikia mtu akinung'unika kuwa ile televisheni yake ya chogo ilikuwa afadhali. Wenzake humcheka, lakini hakukosea.

Unguja ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973. Bara ikangoja hadi 1994. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga ikafuata mapema mwaka 2013. Katika dijitali hakuna chenga: picha huja safi, au huganda na kukatika vipande, au haiji kabisa. Milimani dishi ndilo lililoleta nafuu. Setilaiti za matangazo hukaa juu ya ikweta, mbali kiasi cha kilomita 36,000, nayo Lushoto haiko mbali na ikweta. Basi wimbi hushuka kutoka juu, wala halina haja ya kupenya ubavuni mwa mlima. Mvua kubwa tu ndiyo hulisumbua.

Basi ndugu atakaye kununua na aulize kwanza kama king'amuzi chake ni cha HD, na kama stesheni aipendayo hutangaza kwa HD. Kisha atazame nyaya. Zile za nyekundu, nyeupe na njano haziwezi kupitisha picha ya HD. Yahitajiwa waya wa HDMI. Tena apime sebule yake. Kwa kioo cha inchi 43, jicho la kawaida likiwa mita tatu mbali halitambui tofauti ya HD na 4K. Ingempasa akae karibu mita moja, kama mtu asomaye gazeti.

Maendeleo tuyasifuyo bila kusita ni ya weusi na mwanga: katika vioo vya OLED kila nukta huwaka na kuzimika yenyewe, na usiku wa filamu huwa usiku kweli. Ila bei yake ni kubwa.

Nao wauzaji twawataka waache kuwasha vioo kwa filamu za maonyesho zilizotengenezwa kiwandani. Waunganishe king'amuzi kile kile alichonacho mnunuzi nyumbani, wafungue taarifa ya habari, kisha wamwache atazame mwenyewe kabla ya kutoa fedha.