OFISI YA USHAURI WA AJIRA CHUONI: NI YA NANI NA ITUMIWE VIPI?

Kila mwaka baada ya mahafali, vijana wa Unguja na Pemba hurejea majumbani na vyeti vyao, na wazee waliouza karafuu, mwani au ng'ombe ili kulipa ada huanza kuhesabu miezi. Kijana huandika barua ya maombi, huisambaza katika ofisi mbali mbali, kisha husubiri. Jawabu isipokuja, maneno yanayosikika barazani huwa ni yale yale: kazi hupata mwenye mtu wake, dau la mnyonge haliendi joshi.

Maneno hayo hayakuzuka bure. Aliyekulia katika nyumba ya watumishi husikia tangu utotoni namna barua inavyoandikwa na namna mkubwa wa kazi anavyojibiwa. Mtoto wa mvuvi au mkulima hana wa kumuuliza. Pengo hilo ndilo ambalo ofisi ya ushauri wa ajira chuoni imewekwa kuliziba, na inasikitisha kwamba wanaoihitaji zaidi mara nyingi ndio wasioingia mlangoni mwake.

ASILI YA HUDUMA HII

Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston, Marekani, katika North End, mtaa uliokuwa na wahamiaji wengi. Wazazi wa vijana wengi wa hapo walikuwa wageni nchini na hawakuweza kuwaelekeza watoto wao. Parsons alifariki mwaka huo huo, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1909. Fundisho lake ni fupi: mtu ajijue mwenyewe, aijue kazi anayoitaka, kisha apime kwa akili kama viwili hivyo vinalingana. Ofisi za vyuo mpaka leo zinafuata msingi huo.

Hapa Visiwani, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu kilianza mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001. Elimu ya juu ikasogea karibu na wananchi, na idadi ya wahitimu ikapita nafasi ambazo Serikali peke yake inaweza kuzitoa. Kwa hivyo mhitimu wa leo hana budi kuzielewa pia kazi za hoteli, benki, biashara, bandari, jumuiya zisizo za kiserikali na za kujiajiri mwenyewe.

OFISI HUFANYA NINI?

Ofisi hii huitwa kwa majina tofauti, na katika baadhi ya vyuo huwa ni sehemu ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Kwanza ifahamike kwamba haigawi kazi. Anayekwenda kuomba apangiwe pahala pa kazi hurudi amevunjika moyo, akaitangaza kuwa haina maana. Kazi zake hasa ni hizi:

(a) kumsaidia mwanafunzi kuelewa fani yake inampeleka katika kazi zipi, zikiwemo asizozitarajia;

(b) kumfundisha kuandika barua ya maombi na maelezo binafsi, na kumsahihishia;

(c) kumfanyisha mazoezi ya usaili;

(d) kumsaidia kupata pahala pa mafunzo ya vitendo;

(e) kumkutanisha na waajiri na wahitimu waliotangulia.

AENDE LINI?

Kosa kubwa ni kusubiri mwaka wa mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajitambulishe ofisini, aulize wahitimu wa fani yake wako wapi, na aombe kukutanishwa na mmoja wao. Mazungumzo ya nusu saa na mtu anayeifanya kazi yenyewe humjulisha mambo ambayo hayaandikwi katika tangazo la nafasi.

Mwaka wa pili ni wa kutafuta mafunzo ya vitendo, nayo yatafutwe mapema. Mwanafunzi wa utalii, kwa mfano, akumbuke kwamba hoteli nyingi za mwambao hupunguza shughuli wakati wa masika, baina ya Machi na Mei. Anayeanza kuomba wakati huo huenda akakosa nafasi, au akapata hoteli isiyo na wageni na asijifunze kitu. Aliyeomba miezi kadhaa kabla, kwa msimu wa wageni wengi, huonekana akifanya kazi, na msimamizi wake anaweza baadaye kuwa mdhamini wa kuandikwa katika maombi.

Mwaka wa mwisho ni wa kutengeneza maombi, kuthibitisha vivuli vya vyeti na kufanya mazoezi ya usaili. Aliyehitimu tayari naye asione haya kurudi kuuliza, kwani vyuo vingi huendelea kuwahudumia wahitimu wao.

KILE AMBACHO KIJANA HAKIANDIKI

Faida ya mshauri huonekana zaidi katika maelezo binafsi. Tuseme mwanafunzi wa uhasibu kutoka Paje ameandika jina lake, skuli alizosoma na vyeti vyake, kisha mbele ya neno "uzoefu" akaweka "hakuna". Mshauri akimhoji, hugundua kwamba kwa miaka mitatu, kila likizo, amekuwa akiweka hesabu za kikundi cha mama yake cha kilimo cha mwani: kilo zilizouzwa, fedha zilizopokelewa na mgao wa kila mwanachama.

Kwa kijana huyo, hiyo ilikuwa ni kumsaidia mzazi tu. Kwa mwajiri, ni mtu aliyekwisha kuaminiwa na fedha za watu wengine. Haifai kuongeza hata chembe ya uongo, kwani uongo hugunduliwa kwenye usaili. Lakini haifai pia kuificha kweli kwa kudhani kuwa kazi ya kijijini si kazi. Maelezo yasizidi kurasa mbili, na kila jambo lililotajwa liwe ni lile ambalo muombaji anaweza kulieleza kwa kinywa chake.

TAHADHARI

Ofisi ya chuo haiuzi kazi. Mtu yeyote anayedai fedha ili kijana apatiwe nafasi, iwe hapa nchini au katika nchi za Ghuba, atiliwe shaka. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi malipo, isipokuwa kwa vighairi maalumu. Kabla ya kulipa au kutia saini, kijana aupeleke mkataba ofisini usomwe pamoja naye.

Ofisi hii haiwezi kuongeza idadi ya nafasi nchini, wala haiwezi kuondoa upendeleo pale ulipo. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba mtoto wa Micheweni anapoketi mbele ya jopo la usaili, hakosi nafasi kwa sababu ya jambo ambalo angeweza kufundishwa kwa siku moja.

Wazazi nao wana sehemu yao. Badala ya kumuuliza mtoto atapata kazi lini, wamuulize angali masomoni kama ameshafika katika ofisi hiyo, na ameambiwa nini. Wanafunzi wanahimizwa kuitumia huduma hii tangu muhula wa kwanza, kwani upepo hauna mwenyewe, lakini tanga hutwekwa na aliye chomboni.