Mori Unaopanda Mbele ya Runinga

Jumapili ya tarehe 21 Septemba 2025, mchana kwa saa zetu, Lilian Odira aliingia mita za mwisho za fainali ya mita 800 ya mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo akiwa bado nyuma ya Keely Hodgkinson, bingwa wa Olimpiki. Akampita, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 54.62, na kuifuta rekodi ya mashindano hayo ambayo Jarmila Kratochvílová aliiweka mwaka 1983. Aliyezitazama mbio zile akiwa ameketi tu hapa Voi alihisi moyo ukimdunda, viganja vikiloa jasho, miguu ikitaka kuinuka. Wengi huichukulia hali hiyo kuwa ushabiki, ikipita imepita. Mimi naiona kama nguvu halisi ya mwili, na inaniuma kuona tunavyoiacha ipotee.

Adrenalini humwagika kwenye damu ya mtazamaji kama inavyomwagika kwa anayejiandaa kutimua mbio. Ubongo nao haukai kando. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Giacomo Rizzolatti na wenzake kule Parma, Italia, waligundua kwamba chembe fulani za ubongo wa nyani, zile zinazofanya kazi anaponyoosha mkono kuchukua kitu, hufanya kazi pia anapomwona mwingine akikichukua. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu kiasi gani cha matokeo hayo kinamhusu binadamu. Lakini vipimo vilivyofanywa London na kuchapishwa mwaka 2005 vilionyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii: wacheza balei walipotazama balei, sehemu za ubongo zinazoongoza misuli ziliamka zaidi kuliko walipotazama kapoera, na wacheza kapoera ikawa kinyume chake. Mwili huitikia kwa nguvu zaidi kile ulichowahi kukitenda.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mashindano makubwa humfanya kila mtu aanze mazoezi. Kabla ya Olimpiki ya London ya 2012, Mike Weed na wenzake walichambua tafiti zilizokuwapo kuhusu suala hilo. Hawakuona ushahidi kwamba kutazama tu humwingiza michezoni mtu ambaye hakuwahi kushiriki. Walichokiona ni kwamba tamasha la aina hiyo linaweza kumrudisha aliyeacha, na kumwongezea bidii anayeendelea. Sasa tujiangalie. Ni nani aliyesoma Mwatate, Wundanyi au Taveta asiwahi kukimbizwa katika michezo ya shule, akapanda mlima na kushuka akienda darasani? Kaunti yetu imejaa watu walioacha, na kwa mujibu wa ushahidi huo, hao ndio mbio za Tokyo zinaowafaa zaidi.

Sababu ya pili ya mbio hizo kutufaa aliieleza mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977. Imani ya mtu kwamba "hata mimi naweza" hutokana hasa na yale aliyoyafanya mwenyewe, lakini hutokana pia na kumwona mwingine akifaulu, na hukolea pale mwingine huyo anapofanana naye. Odira ni mama wa watoto wawili na anafanya kazi katika Idara ya Magereza. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, kisha akarudi na kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mara mbili zaidi. Mama anayeuza mboga sokoni Voi, aliyejiambia kwamba mwili wake uliisha baada ya kuzaa, anapata kwao ushahidi ambao hawezi kuupata kwangu nikimhubiria mwaka mzima.

Tena kuna namna ya kutazama. Julius Yego hakuwa na kocha wa mkuki alipoanza. Alijifunza kwa kutazama YouTube, akiwachunguza warushaji kama Jan Železný wa Jamhuri ya Czech. Mwaka 2015 alirusha mita 92.72 jijini Beijing na kuwa bingwa wa dunia. Yego hakutazama ili ajue nani ameshinda. Alitazama mguu unakanyaga wapi na bega linageuka lini.

Wazee wa huku wanakumbuka enzi ambazo magari ya Safari Rally yalipita katika milima ya Taita na vumbi likajaa kila mahali. Msisimko ulikuwa mkubwa, ila mtazamaji hakuwa na la kuufanyia, maana gari hakuwa nalo. Mbio hazina kikwazo hicho. Barabara tunayo.

Katika kazi yangu na watu wanaorejea mazoezini, nimeona hamu ya namna hii haidumu. Anayeahidi kuanza mwezi ujao mara nyingi haanzi. Anayetoka siku hiyohiyo, hata kwa kutembea tu, kesho yake humkuta na kitu cha kuendeleza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na kutembea kwa kasi kunahesabiwa.

Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu awe mwangalifu hata akiwa kitini. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa eneo la Munich waliona dharura za moyo zikiongezeka zaidi ya maradufu siku ambazo Ujerumani ilicheza. Ameze dawa zake kwa wakati, na kabla ya kuanza kukimbia apimwe.

Voi kuna joto, na iko kiasi cha mita 600 tu juu ya bahari. Anayeishi hapa atoke mapema kabla jua halijawaka, lakini asitoke gizani, hasa upande unaopakana na mbuga ya Tsavo, kwa sababu ya ndovu. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 na kuna ubaridi, ila barabara zake ni miinuko mitupu: aliyekaa muda mrefu bila mazoezi apande kwa kutembea, na mbio azianze akifika tambarare.