Uziwi wa Wazee Usipuuzwe

Katika mabaraza ya Kitui na Makueni nimeona wazee wakiitikia kwa kichwa maneno wasiyoyasikia. Wanaona haya kuuliza. Nao vijana, ajabu, hucheka! Wengi hudai kwamba uziwi ni uzee tu, hauna dawa. Sikubaliani nao. Pengine kizuizi ni nta, ambayo mhudumu wa afya aweza kuiondoa kwa muda mfupi. Uziwi wa uzeeni wenyewe hauponi, ila kifaa cha kusikia husaidia, ingawa ni ghali. Mpango wa MakueniCare, ulioanzishwa mwaka 2016, uliwatibu bure waliozidi miaka 65. Wangapi kati yao walitaja masikio? Mwanafunzi, ukienda likizoni, zungumza na babu yako mkitazamana, kisha fuatana naye hadi hospitali ya Wote au ya Kitui mjini akapimwe.