Kwa Nini Feleji Isiyoshika Kutu Huliwa na Bahari?

Mnamo mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa metali Harry Brearley aliyeyusha feleji iliyochanganywa na kromi, akapata metali iliyostahimili kutu. Siku hizi feleji ya aina hiyo hutumika sana katika vyombo vya baharini: bolti, parafujo, pete za kufungia kamba, na nyaya zinazoushikilia mlingoti. Wengi huamini kwamba haiwezi kuota kutu kamwe. Imani hiyo ni ya hatari.

Metali hiyo hailindwi na ugumu wake, bali na utando. Kromi iliyomo, ambayo haipungui asilimia 10.5, huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando ukikwaruzwa, oksijeni huujenga upya. Basi ulinzi wote hutegemea kuwapo kwa oksijeni.

Maji ya bahari yana chumvi ipatayo gramu 35 katika kila kilo moja, na kloridi iliyomo huweza kuutoboa utando huo. Mahali palipo wazi, tundu huweza kuzibika. Lakini pale bolti ilipozama ndani ya ubao uliolowa, maji hutuama na oksijeni huisha. Hapo utando haujengeki tena. Kloridi hukusanyika, maji hugeuka kuwa asidi, na metali huliwa kimya kimya. Kichwa cha bolti hung'aa, ilhali shina lake limekwisha: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku ya upepo mkali bolti hukatika, mlingoti ukaanguka, na roho za mabaharia zikawa hatarini.

Kinga yake yafuata sababu hizo hizo. Kwanza, ichaguliwe feleji ya daraja la 316, yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, ambayo huistahimili kloridi kuliko ile ya 304. Pili, mianya izibwe barabara ili maji yasipenye. Tatu, vifaa vioshwe mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi. Nne, visisuguliwe kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida, kwani chembe zake hubaki na kuota kutu. Tano, kwa kuwa hata daraja la 316 halina kinga kamili, bolti zifunguliwe kila baada ya muda, na mashina yake yakaguliwe.

Mwanafunzi na ajiulize: kwa nini rangi iliyobanduka nusu yaweza kuidhuru bolti hiyo badala ya kuilinda? Jibu limo katika oksijeni.