Tovuti Nyingi Katika Nyumba Moja: Kulinda Anwani za Parokia



Parokia inapoweka ratiba ya Misa katika tovuti yake, anwani ya ukurasa huo hutumwa katika jumuiya ndogondogo na kubandikwa mlangoni pa kanisa. Anwani ikibadilika bila maandalizi, anayeifuata hupata ujumbe wa 404, yaani ukurasa haukupatikana. Si jambo dogo kwa mtu anayetafuta saa ya mazishi. Hivyo twaona vema kuwaeleza wanaotunza tovuti zetu namna ya kuliepuka.

Programu ya Drupal, iliyotolewa mwaka 2001, huwezesha tovuti nyingi kutumia mafaili yaleyale. Ni kama nyumba moja yenye familia nyingi: msingi na paa ni vya wote, bali kila familia ina chumba na ufunguo wake. Vivyo hivyo kila tovuti ina jina lake, mipangilio yake na, kwa kawaida, hifadhidata yake.

Anwani safi ni ile inayosomeka kwa urahisi, kama «/ratiba», badala ya «?q=node/12». Katika seva ya Apache, kazi ya kugeuza anwani hufanywa na mod_rewrite, kwa kanuni zilizoandikwa katika faili la .htaccess. Hatari imo humo, kwa kuwa faili hilo ni la tovuti zote. Kanuni iliyokusudiwa parokia moja, isipotaja jina la tovuti yake, hutekelezwa kwa parokia zote. Mwamini wa parokia ya pili ataomba «/ratiba» yake, apelekwe kwenye ratiba ya jirani, na kufika kanisani Misa imekwisha.

Basi yazingatiwe mambo manne. Kwanza, kila kanuni itanguliwe na sharti la kukagua HTTP_HOST, yaani jina la tovuti iliyoombwa. Sharti hilo huhusu kanuni moja tu inayolifuata. Kanuni nyingine yahitaji sharti lake. Pili, kanuni hizo ziwekwe juu ya ile inayokabidhi maombi yote kwa index.php, la sivyo hazitafanya kazi inavyotakiwa. Tatu, wakati wa kujaribu itumike namba 302, yenye maana ya uhamisho wa muda. Namba 301 ni ya uhamisho wa kudumu, na vivinjari huweza kuikumbuka hata baada ya kosa kusahihishwa. Nne, anwani ya zamani ielekezwe moja kwa moja kwenye mpya, bila kupitia ya tatu, wala isirudishwe ilikotoka.

Kwa asiyezoea kanuni hizo, ipo moduli ya Drupal iitwayo Redirect. Hiyo huhifadhi maelekezo katika hifadhidata ya tovuti husika, hivyo ya parokia moja hayaingilii ya nyingine.

Mwishoni, anwani ileile ifunguliwe katika kila tovuti, si katika ile iliyorekebishwa peke yake. Kosa la namna hii huonekana kwa jirani kabla ya kuonekana kwa aliyelifanya.