Kifaa Kizima, Kompyuta Imegoma: Kiendeshi Baada ya Sasisho

Kifaa kinachonasa mapigo ya moyo au kusoma sampuli ya damu kwa kawaida hakiwezi kuzungumza na kompyuta bila mkalimani. Mkalimani huyo ni programu ndogo iitwayo kiendeshi. Nacho kiendeshi hutegemea kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kinachogawa kumbukumbu na muda kwa programu zote.

Kompyuta inayotumia mfumo wa Linux inapopokea kerneli mpya, huenda kifaa kisionekane tena. Fundi hujaribu kukiunda upya kiendeshi, lakini kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hukataa na kutoa orodha ndefu ya makosa. Watumishi hudhani kifaa kimekufa, na wagonjwa huambiwa warudi siku nyingine. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kilichobadilika ni mapatano kati ya kiendeshi na kerneli.

Mabadiliko hayo hufanywa kwa makusudi. Waundaji wa Linux hujitahidi kutoziharibu programu za kawaida za watumiaji, lakini hawatoi ahadi hiyo kwa viendeshi vinavyotunzwa nje ya kerneli. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wake wakuu, ameeleza katika nyaraka za mradi kwamba kuyagandisha mapatano ya ndani kungezuia marekebisho, yakiwamo ya usalama.

Baadhi ya makosa ni mepesi. Katika toleo la 6.4 la mwaka 2023, amri ya class_create, iliyokuwa ikidai taarifa mbili, ilianza kudai moja tu. Fundi huondoa ile ya ziada, kisha huweka sharti la toleo ili msimbo uleule ukubalike katika kerneli ya zamani na mpya.

Mengine yana hatari iliyojificha. Toleo la 4.15, lililotoka Januari 2018, lilibadilisha saa za ndani. Awali, sehemu ya kiendeshi inayoamshwa na saa ilipokea namba aliyoichagua mwandishi wake. Tangu hapo hupokea anwani ya saa yenyewe katika kumbukumbu. Fundi mwenye haraka anaweza kuilazimisha kompaila iikubali aina isiyolingana. Makosa hutoweka, lakini kiendeshi huichukulia anwani ya saa kana kwamba ni data yake. Kompyuta yaweza kuzimika ghafla au, vibaya zaidi, kutoa usomaji usio sahihi. Ni sawa na kushusha homa bila kupima chanzo chake.

Tiba sahihi huanza na kosa la kwanza katika orodha, kwa kuwa mengi yanayofuata huzaliwa nalo. Fundi husoma historia ya mabadiliko ya kerneli, huelewa kwa nini njia ya zamani iliondolewa, kisha hurekebisha mantiki, si jina pekee.

Hata hivyo, kukubaliwa na kompaila huthibitisha tu kwamba msimbo umeandikwa kwa kufuata kanuni. Hakuthibitishi kuwa kipimo ni sahihi. Kabla ya kifaa kurudi kwa wagonjwa, sharti kijaribiwe kwa sampuli ya udhibiti yenye thamani inayojulikana, kama maabara ifanyavyo kwa kitendanishi kipya. Pale programu inapokuwa sehemu ya kifaa kilichoidhinishwa na mtengenezaji, hospitali isiiguse, mtengenezaji aitwe.

Mhudumu wa afya hahitaji kujua kuandika msimbo. Inatosha azuie masasisho wakati wa huduma, ahakikishe kerneli ya zamani imebaki ili kompyuta iweze kuwashwa nayo, na aandike tarehe ya kila badiliko. Mgonjwa anayeombwa kurudia kipimo baada ya hitilafu ya namna hii naye asione amepotezewa muda: jibu lililochelewa siku moja ni salama kuliko jibu la haraka lisiloaminika.