Nyumba ya Kitambaa: Raha na Taabu za Kulala Hemani

Kila mwaka, mvua zikiisha na vumbi la mwezi wa Juni likianza kupanda katika njia za Ibanda, vijana wa Bukavu huwajia wazazi wao na ombi lile lile: "Turuhusuni tukalale hemani." Naye mama huuliza: "Mtoto aliye na nyumba ya matofali na bati, kwa nini alale chini ya kitambaa?"

Swali hili ni la haki, wala si vema kulijibu kwa kicheko. Wasiopata kulala hemani ni wa namna mbili: wadhanio kwamba ni raha tupu, na wadhanio kwamba ni taabu tupu. Sisi tuliolala humo, usiku mkavu na usiku wa mvua, twasema kwamba raha na taabu za hema zatoka mahali pamoja, nako ni wembamba wa ukuta wake. Kitambaa kile kile kiingizacho sauti ya ziwa ndicho kiingizacho baridi.

Tena hema si jambo jipya. Ibrahimu aliwapokea wageni wake mlangoni pa hema, na Mtakatifu Paulo alipokuwa Korintho alijipatia riziki kwa kushona mahema pamoja na Akila na Priskila. Katika nchi zetu, hema la Wazungu lilifika juu ya vichwa vya watu. Mjerumani von Götzen alifika Ziwa Kivu mwaka 1894, na misafara ya siku zile ilikwenda kwa nguvu za wapagazi, kila mtu na mzigo wake wa kilo 30 hivi. Jioni mkubwa wa msafara alilala hemani. Naye mpagazi aliyelichukua hema kutwa nzima alijitafutia majani ya kujengea kibanda.

Mambo yaligeuka mwaka 1907. Mwaka huo Baden-Powell, askari Mwingereza, aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, wengine wana wa matajiri, wengine wana wa wafanyakazi, akawalaza katika mahema kwa siku chache. Kutoka kambi ile ndogo ulizaliwa uskauti, uliofika hata kwetu. Mwenyewe alifariki mwaka 1941 huko Nyeri, katika nchi ya Kenya, na kaburi lake lipo huko. Sheria ya kambi ya skauti yaipindua sheria ya msafara: alalaye hemani ndiye alichukuaye, ndiye alipigaye, na asubuhi ndiye alikunjaye. Hapo hakuna bwana wala mpagazi.

Natuseme kwanza juu ya raha. Watu wa Ibanda wamejaliwa ziwa mlangoni pao. Ziwa Kivu liko meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, wala halina mamba wala viboko. Hivyo alalaye karibu na ufuko wake hana haja ya kuogopa mgeni wa namna hiyo. Jua likizama nyuma ya vilima, vijana huwasha moto, na sufuria moja hutosha wote. Ugali wa muhogo na sambaza, ambao nyumbani mtoto huusukuma pembeni, kambini haubaki hata chembe. Kisha usiku ukiingia, wavuvi hutoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, na miti mirefu ya kushikia nyavu. Taa zao hutapakaa juu ya maji, na nyimbo zao za kupigia kasia husikika mbali. Aliye ndani ya nyumba ya matofali hasikii kitu. Aliye hemani husikia kila neno, na usingizi humchukua kabla wimbo haujaisha.

Sasa natuje kwenye taabu, nazo si chache. Ya kwanza ni baridi. Bukavu iko kama meta 1,500 juu ya bahari, na usiku wa kiangazi mbingu zikiwa wazi joto lote huondoka. Mgeni wa kambi hujifunika mablanketi mawili kwa juu, asiweke kitu chini yake. Basi alfajiri hutetemeka, akishangaa. Baridi iliyo mbaya zaidi hutoka ardhini. Majani makavu na mkeka chini ya mgongo vyafaa kuliko blanketi la tatu juu ya kifua.

Ya pili ni maji. Turubai la pamba likilowa, usiliguse kwa ndani, kwa maana pale kidole kilipogusa ndipo maji huanza kupita. Kamba za katani zikilowa hufupika na kukaza. Asiyezilegeza kidogo wakati wa jioni, vigingi vyake hung'oka usiku wa manane. Kamba za nailoni hufanya kinyume chake: zikilowa hulegea, na hema huinama kama mzee. Hata pasipo mvua, pumzi za watu wanne waliofunga mlango hugeuka maji ukutani, nayo hudondoka usoni kabla ya mapambazuko. Wengi hulilaumu hema kwamba lavuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe. Dawa yake ni kuacha mlango wazi kidogo, ingawa baridi itaingia.

Ya tatu ni siafu. Juu ya hao hatutasema mengi. Aliyewahi kuwaona hakusahau. Ya nne ni mwenzako akoromaye, na kwa huyo hakuna dawa.

Taabu hizi zote asubuhi huwa kichekesho. Lakini yako mambo manne yasiyo kichekesho, nayo twaomba kila mzazi na kila mkubwa wa kambi ayashike.

Usiingize mbabula hemani, hata baridi ikiwa kali namna gani. Mkaa uwakao hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu usingizini. Usipige hema shimoni katika nchi ya volkano, upande wa Goma na Sake. Huko hewa nzito iitwayo mazuku hutoka ardhini na kutulia mabondeni, hasa usiku upepo ukikoma, nayo imeua watu na wanyama. Usilale chini ya mti ulio peke yake juu ya kilima, kwa kuwa milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa na radi mara nyingi kabisa duniani. Wala usilale katika njia ya maji, hata ikiwa kavu. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilifurika ghafula huko Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, kando ya ziwa letu hili hili, na watu zaidi ya 400 wakafa. Hao hawakuwa katika mahema, walikuwa katika makao yao na sokoni. Ikiwa maji yaliondoa nyumba, yatafanya nini kwa kitambaa?

Liko jambo jingine zito, nalo lagusa Kivu kuliko nchi nyingi. Kwetu neno "kambi" lina maana mbili. Tangu Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu. Vilima vya kandokando ya Bukavu vilifunikwa na turubai za plastiki, hata mwisho wa mwaka 1996 vita vilipozivunja kambi zile. Toka siku hizo jamaa nyingi za Wakongo nao wamelala vivyo hivyo, wakikimbia vita au maji. Skauti akilala hemani ameichagua siku ya kwenda, naye aijua siku ya kurudi. Mkimbizi hakuichagua ya kwanza, wala haijui ya pili. Hema moja, kitambaa kimoja, mvua moja. Lakini mmoja anacheza, na mwingine anangoja.

Kwa hiyo twawaomba wakubwa wa vijana: mkisema "twende kambini", watazameni watoto usoni. Pengine yuko mmoja asiyecheka. Yeye ameshalala miezi mingi chini ya plastiki, wala haoni raha kuyarudia hayo kama mchezo. Msimlazimishe, wala msimwite mwoga. Mwacheni aje mchana ale pamoja nanyi, na jioni arudi kwao. Na pengine, akitaka mwenyewe, atawafundisha kuchimba mtaro wa kuzunguka hema, kwani anaujua kuliko nyote.

Tena twamjibu sasa yule mama aliyeuliza. Mwache mwanao alale chini ya kitambaa, ili siku mwenzake akija darasani na daftari lililolowa, asimwulize kwa nini hakuandika kazi yake. Wahenga walisema: aisifuye mvua imemnyea. Nasi twaongeza kwamba hata aihurumiaye mvua ya mwenzake, kwanza yafaa imnyee kidogo.

Wala si lazima kwenda mbali. Msitu wa Kahuzi ni mzuri, na mlima wake wafika meta 3,308. Lakini katika nyakati za vita msitu si mahali pa kupeleka watoto. Uwanja wa parokia watosha, au bustani ya shule, au kiwanja cha jamaa mwenye ukuta na lango. Chagueni mahali palipoinuka kidogo, chimbeni mtaro kabla ya kupika, legezeni kamba za katani kabla ya kulala, zimeni moto kwa maji wala si kwa mchanga peke yake, na hesabuni watoto jioni na asubuhi.

Na mtoto akirudi nyumbani amechafuka, ana usingizi, nguo zake zanuka moshi, msimkemee upesi. Mwulizeni kwanza usiku ulikuwaje. Akisema ulikuwa mzuri, sikieni. Akisema ulikuwa mbaya, sikieni vile vile. Kisha mpeni chai ya moto, na jioni atazameni jinsi atakavyolitazama bati lililo juu ya kitanda chake.